Mama wa mchumba wangu anataka niseme "yamepita"

Shikamoo Shangazi,

Nina umri wa miaka 33. Nimesoma majibu yako miaka mingi nikijiambia kuwa siku nikipata ujasiri nitakuandikia. Leo si ujasiri ulionileta, nimebanwa.

Mimi ni baisekshuali. Navutiwa na wanawake, na navutiwa na wanaume pia. Nimelijua hilo tangu nikiwa na miaka 15, ingawa jina lake nililipata baadaye sana. Kwa muda mrefu nilikuwa nangoja upande mmoja ushinde. Haukushinda. Nimewahi kuwa na wapenzi wanawake watatu na mwanamume mmoja. Huyo tulidumu naye miezi minane, akahama kwa ajili ya kazi, na mapenzi yakafifia kama yanavyofifia mapenzi mengine yoyote.

Sasa ni mwaka wa tatu niko na mwanamke nitakayemwita N. Nampenda. Nilimweleza habari yangu mwezi wa kwanza tu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza maswali mawili matatu, kisha akasema, "Afadhali umeniambia kabla sijakupenda zaidi." Tumepanga kuoana.

Mwaka jana nilichoka kuishi nikichunga kila neno. Sikutaka kujitangaza. Nilichoka tu kucheka mzaha usionichekesha, na kugeuza mazungumzo kila mtu alipouliza habari za wapenzi wangu wa zamani. Basi nikamwambia kaka yangu, nikamwambia rafiki yangu wa tangu shuleni, na tarehe 23 Septemba, siku ya mabaisekshuali duniani, nikaenda kazini nimevaa utepe mkononi wenye rangi tatu za bendera yetu: waridi, zambarau na bluu. Mwenzangu mmoja akauliza maana yake, nikamweleza. Kufikia jioni ofisi nzima ilikuwa inajua.

Kaka hakukasirika. Alisema, "Lakini si unaoa? Basi yameisha hayo." Rafiki yangu aliniuliza kama nimewahi kumtamani. Nilimwambia hapana, na ni kweli, lakini tangu siku ile akija kwangu halali tena, hata usiku uwe mkubwa namna gani. Kazini kuna mmoja ananiita popo, eti si ndege si mnyama. Kilichoniuma zaidi ni rafiki yangu mwingine, ambaye yeye hupenda wanaume wenzake na niliyedhani atanielewa kuliko wote. Aliniambia kuwa mimi ni kama yeye ila naogopa, na kwamba N ni pazia langu.

Hayo yote ningeyabeba. Lakini habari zilimfikia mama yake N. Alimwita binti yake akamwambia kwamba watu kama mimi hawatosheki na mtu mmoja, kwamba tukapime magonjwa upesi, na kwamba siku moja nitamwachia watoto nimfuate mwanamume. Ila si mama mkatili. Baada ya wiki mbili alituma ujumbe kuwa yuko tayari kutupa baraka zake, mradi niende nimwambie kwa kinywa changu kwamba mambo hayo yalikuwa ya ujana na yamepita.

N anataka niende. Anasema, "Ni neno moja tu. Mimi na wewe tunajua ukweli. Mpe mama neno lake tupate amani." Nilipomwambia siwezi kujikana, alilia. Usiku ule kabla hatujalala akaniuliza, "Hivi mimi peke yangu nitakutosha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Umejibu haraka mno," akageukia ukutani.

Shangazi, kuna jambo jingine ambalo hata N sijamwambia. Wakati mwingine najiuliza kama nina haki ya kujiita hivi. Wanawake hunivutia mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Mwanamume nimekuwa naye mmoja tu, tena miaka saba iliyopita. Na naoa mwanamke. Huenda kaka ana haki, nang'ang'ania jina tu, na jina lenyewe linaumiza watu.

Tumepangiwa kwenda kwa mama Jumapili ya mwisho wa mwezi. Niseme yamepita?

Ni mimi, Popo

Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu. Jina ulilotia mwishoni mwa barua sitakuitia. Popo mwenyewe tumemsingizia siku zote. Ni mnyama kamili, huzaa na kunyonyesha, hana hata robo ya ndege ndani yake. Sisi tuliomwona kwa mbali jioni ndio tuliomfanya nusu na nusu. Huyo mwenzako wa kazini hajui ni kwa kiasi gani amekosea, kwako na kwa popo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Naona umefunga maswali mawili katika fundo moja. La mama ni kama utasema neno analolitaka. La N ni kama atakutosha. La mama umelieleza kwa kirefu, la N umelipa mistari michache, na mimi moyo wangu umebaki kwenye ile mistari michache. Nitaifikia. Kwanza niruhusu nishike lile ulilolificha mwishoni, kwa sababu mtu asiyejiamini kuwa ni yeye hawezi kumjibu mama wala mchumba.

Unasema wanawake hukuvutia zaidi, kwa hiyo labda huna haki ya jina. Nani alikuambia kwamba lazima mizani ilale sawasawa? Mwaka 1948 Alfred Kinsey na wenzake huko Marekani walichapisha ripoti iliyotokana na mahojiano na maelfu ya wanaume. Waliona kuwa makundi mawili hayawatoshi watu waliowahoji, wakaweka kipimo cha ngazi kuanzia 0 hadi 6. Kwenye 0 ni mwanamume wa wanawake tu, kwenye 6 ni wa wanaume tu, na katikati wamo wengine kwa viwango vyao. Hakuna sharti kwamba aliye katikati asimame kwenye 3. Anayesimama kwenye 2 hakudanganya mtu.

Na huo ushahidi unaoudai kwako mwenyewe, wa kuhesabu wapenzi, hebu ugeuzie kaka yako. Alijuaje kuwa anapenda wanawake kabla hajawa na mwanamke hata mmoja? Alijua tu, na hakuna aliyemwambia arudi akishapata mifano ya kutosha.

Sishangai lakini kwamba shaka imekuingia, maana hata maabara zimewahi kuipanda. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walipima jinsi miili ya wanaume waliojiita baisekshuali ilivyoitikia picha, na matokeo yao yakasomwa na wengi kama uthibitisho kwamba wanaume wa namna hiyo hawapo. Mwaka 2020, takwimu za tafiti nane zilipounganishwa, jibu likaja kinyume: wapo, na miili yao inasema hivyo. Baadhi ya majina yaliyokuwa kwenye utafiti wa kwanza yamo pia kwenye huo wa pili, na mimi nawaheshimu watu wanaorudi kusahihisha kauli. Ila hunisikitisha kwamba kwa miaka 15 yote wanaume walikuwa wanasema kwa vinywa vyao, na bado ikangojwa mashine iseme ndipo waaminiwe.

Rafiki yako anayekuona umejificha nyuma ya N, nadhani anasimulia safari yake mwenyewe. Wapo wanaume wengi ambao kabla ya kusema wazi kuwa wanapenda wanaume walipitia kwanza neno lako, wakapumzika humo kwa muda, kisha wakaendelea. Kama yeye alikuwa mmoja wao, kila anayekaa pale anamwona kama msafiri aliyechelewa. Unaweza kumuuliza, bila ugomvi, "Wewe lilikuwaje kwako?" Huenda mkapata mazungumzo mazuri kuliko ya kushindana. Na ukimtaka pia akusikie, mwambie kwamba neno pazia limekuumiza. Usimwachie alijue kwa kubahatisha.

Haya, sasa N.

Unaniandikia kana kwamba N alishamaliza kazi yake mwezi ule wa kwanza. Alisikia, akakubali, ikaisha. Hebu tazama tena. Alichokikubali wakati ule kilikuwa siri ya watu wawili, kilikaa chumbani kwenu. Mwaka jana kikatoka nje, na kilipotoka, aliyeitwa na mama akahojiwa ni yeye. Wewe watu wanakuuliza wewe ni nani. Yeye wanamuuliza kwa nini anakubali, na pengine wanamwonea huruma, na huruma ya watu ni mzigo mchungu kuubeba. Nina swali ambalo barua yako haijalijibu: asubuhi ile ulipovaa utepe, N alikuwa anajua kwamba utauvaa? Sikulaumu. Mkono ni wako na habari ni yako. Ila kama alizisikia kwa wengine kwamba sasa watu wote wanajua, basi machozi yake huenda yana jambo zaidi ya mama.

Sasa lile swali lake. Ulijibu ndiyo, naye akasema umejibu haraka. Jibu linaweza kuwa la kweli na bado likamwacha mtu na njaa, kwa sababu halikuonyesha kwamba umelifikiria. Mimi najiuliza kama wewe mwenyewe unajua alichokuuliza. Pengine aliuliza, "Utakuwa mwaminifu?" Pengine aliuliza, "Kuna kitu unachokihitaji ambacho mwili wangu hauwezi kukupa, na utakuwa unakililia kimya kimya kitandani pangu?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

La uaminifu unaweza kulijibu kwa mwenendo wako, na hapo huna tofauti na mwanamume mwingine yeyote anayeoa. Anayependa wanawake tu akioa, wanawake wengine wote hawatoweki mbele ya macho yake. Anachoahidi ni atakavyoishi. Kuvutiwa na jinsia zote hakumaanishi kuwa mtu anahitaji mmoja wa kila upande, kama ambavyo anayependa weupe na weusi haoi wawili ili atimie. Umekaa na N miaka mitatu. Huo nao ni ushahidi, tena alikuwapo akiuona.

La pili ni gumu zaidi, na hapo sikushauri umkimbilie kwa kumtuliza. Wapo watu ambao mpenzi mmoja huwatosha maisha yote, na wapo ambao hawatosheki, na makundi hayo yote mawili yamo miongoni mwa wanaopenda jinsia moja, jinsia nyingine na zote. Wewe uko wapi? Ni wewe tu unayeweza kulijua, na unahitaji ulijue kabla ya ndoa. Kaa nalo siku chache. Kama jibu ni kwamba wakati mwingine utamkumbuka yule mwanamume wa miezi minane, au utamwona mtu njiani moyo ukashtuka, na bado nyumba unayotaka kurudi jioni ni ya N, mwambie hivyo hivyo, wala usimfiche huko kushtuka. Nimeona wachumba wengi wakiumizwa na ahadi kwamba hakuna kitu, kuliko walivyoumizwa na kitu chenyewe.

Nakuja kwa mama. Umeandika kuwa si mkatili, na nimependa kwamba uliliona hilo ukiwa umeumia. Alikaa na hofu yake wiki mbili, akarudi na mlango uliofunguka kidogo. Hofu zake nyingine zina majibu mepesi. Magonjwa huletwa na mtu anachofanya bila kujikinga, hayaletwi na anayempenda, na kwenda kupima pamoja kabla ya ndoa ni jambo jema kwa wachumba wote. Nendeni, lakini nendeni kama wawili, asipelekwe mmoja kama mshtakiwa. Hofu ya kuachwa na watoto, nayo inampata kila mama mwenye binti anayeolewa.

Kubwa ni kwamba huenda anadhani hajawahi kukutana na mtu kama wewe. Bila shaka ameshakutana nao, hakujua tu. Mwaka 2013 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwauliza watu kama jamaa na marafiki wao muhimu, wote au wengi wao, wanajua habari zao. Wanaume wanaopenda wanaume waliosema ndiyo walikuwa asilimia 77. Miongoni mwa mabaisekshuali walikuwa 28. Wengine wote wako kwenye ndoa na ofisi na karamu za watu, kila mmoja akihesabiwa upande wa yule aliyeshikana naye mkono siku hiyo. Ndivyo kaka yako alivyokuhesabu aliposema yameisha. Na tafiti nyingi zimeonyesha kuwa watu hawa husumbuliwa na huzuni na wasiwasi kuliko hata wale wanaopenda jinsia yao tu. Wakigonga mlango wa huku wanaambiwa ni wa kule, wakienda kule wanarudishwa huku. Nadhani hili umelihisi, ndiyo maana ukavaa utepe.

Sasa hilo neno "yamepita". Mimi nalisikia kama lugha ya mama kwa jambo ambalo pengine halihusu kabisa unavyovutiwa. Inawezekana anachotaka kusikia ni kwamba binti yake hatadhalilishwa. Kama ndivyo, kuna ahadi unayoweza kumpa kwa moyo mweupe: jinsi utakavyoishi na N, jinsi utakavyomheshimu. Ila usichoweza kumwahidi ni kwamba hukuwa hivi au hutakuwa hivi. Lisa Diamond, mtaalamu wa saikolojia, aliwafuatilia kwa miaka 10 wanawake ambao hawakuwa wa kupenda wanaume tu. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa walioliacha jina la baisekshuali njiani walikuwa wachache kuliko waliolichukua au walioamua kukaa bila jina. Hao ni wanawake, wewe ni mwanamume, lakini wazo la mama kwamba hili ni la ujana tu halipati nguvu hapo. Nawe una miaka 33, na umengoja lipite tangu ukiwa na 15.

Ukilisema neno lake, utapata amani, na sitaki kuidharau. Wakati mwingine mtu hulipa neno ili apate nyumba. Lakini neno hilo halisemwi siku moja likaisha. Litahitaji kulindwa kila sikukuu, kila akikuona na rafiki mwanamume, kila mtoto wenu akiuliza maana ya ule utepe. N atalilinda pamoja nawe, na anaweza kuchoka mapema kuliko anavyodhani. Lipo pia jambo dogo linalonisumbua: atakuwa ameketi karibu nawe akikuona unavyoweza kumtazama mama yake machoni na kusema lisilokuwa. Mtu aliyeuliza "nitakutosha?" anaweza kuikumbuka sura hiyo usiku mwingine.

Ukisema yote waziwazi, utatoka ukiwa mzima, lakini mama anaweza kufunga mlango, na atakayebaki katikati ni N. Jiulize kama yuko tayari, na kama ni haki kumpeleka huko kabla hajasema kwamba yuko tayari.

Ipo njia ya kumpa mama ile ahadi ya maisha na kuacha mengine yakae. Kukana ni jambo moja, kunyamaza ni jingine. Hudaiwi na kila mtu maelezo ya moyo wako, hata na mama mkwe. Hatari yake ni kwamba anaweza kukuuliza moja kwa moja, "Yamepita au hayajapita?" na ukajikuta huna maneno. Kama mtaichukua njia hii, kaeni wewe na N mlifanyie mazoezi swali hilo hasa. Naye aseme ni jibu gani anaweza kulisikia bila kulia.

Na mnaweza kuisogeza mbele Jumapili yenyewe. Mama ataudhika, na habari za watu zitajaza pengo. Lakini sioni vipi mtamjibu yeye vizuri ilhali swali la chumbani bado limegeukia ukutani.

Sijui unaandika kutoka wapi, na hili nalisema kwa uzito wote. Zaidi ya nchi 60 duniani bado zina sheria zinazoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Kama unaishi katika mojawapo, basi unapopima nani ajue nini, usalama wako na wa N uwe kwenye mizani kabla ya jambo jingine lolote. Kujificha mahali pa hatari si uongo, na mtu asikuambie kwamba ni woga. Ofisi ilishajua, kwa hiyo hili mlizungumze mapema.

Rafiki yako wa tangu shuleni nimemwacha mwisho kwa sababu nadhani atarudi. Alikuuliza, ukamjibu, hakujua afanye nini na jibu. Mwalike mchana kwanza. Na ukipata watu wengine wawili watatu walio kama wewe, hata wa kuongea nao kwa simu tu, utapungukiwa na ule upweke wa kuwa mfano pekee ambao kila mtu anaukagua.

Utepe uvae au uuache nyumbani Jumapili hiyo, utaamua asubuhi yake. Safari hii tu, mwambie N usiku uliotangulia. Kisha niandikie uniambie alikujibu nini.